Mkurugenzi wa masoko wa siku mbili kwa wiki: milioni 3.5 inalipa nini hasa?

MamaBinzari

Wakuu, habari za majukumu. Naomba mawazo ya wanaoijua hii kazi.

Ni kiwanda kidogo cha viungo, Morogoro: binzari, pilau masala, tangawizi ya unga na mdalasini. Wafanyakazi 22. Mauzo yanacheza kwenye milioni 85 kwa mwezi, faida ghafi asilimia 32. Gari letu moja linahudumia maduka 340 ya rejareja Moro na Dar. Kuna wa jumla kadhaa Kariakoo na supamaketi mbili. Matangazo yametengewa milioni 4 kwa mwezi. Kitengo cha masoko ni vijana wawili, mmoja anapiga picha na kuposti, mwingine anachora vifungashio na mabango. Maamuzi yote yananisubiri mimi, na mimi ndiye huyohuyo wa manunuzi na uzalishaji. Kwa hiyo yanalala.

Mkurugenzi wa kudumu hatumwezi. Kuna mtu mwenye jina, ametokea kampuni kubwa za bidhaa za majumbani, anataka 3,500,000 kwa mwezi kwa siku mbili kwa wiki. Je, hesabu inakubali? Nimpe mkataba wa ajira au wa ushauri? Na nimpimeje kabla sijafunga naye?

---

Mzani_wa_Duka

Dada, anza na hesabu fupi. Kwa faida ghafi ya asilimia 32, milioni 3.5 unairudisha kwa mauzo ya ziada ya karibu milioni 10.9 kila mwezi (3.5 ugawe kwa 0.32). Hiyo ni kama asilimia 13 juu ya ulipo leo, na hapo umelipa ada tu, hujapata kitu. Mwezi wa kwanza na wa pili usizitegemee, mtu anajifunza. Swali ni kama kufikia mwezi wa 5 au wa 6 hiyo asilimia 13 inaweza kuonekana, na itatoka wapi.

Kabla hujamjibu, toa orodha ya maduka yako 340 na uhesabu ni mangapi yameagiza tena ndani ya siku 45 zilizopita. Kwa viungo, duka linalouza halikai zaidi ya hapo bila kuongeza mzigo. Tuseme ni 190. Basi una maduka 150 yanayohesabika kwenye karatasi tu. Ukirudisha theluthi moja, yaani 50, na kila moja likachukua mzigo wa 95,000 kwa mwezi, hiyo ni 4,750,000 bila kuongeza hata senti ya tangazo. Mtu wa ngazi ya juu anayejua kazi ataenda huko kwanza. Akianza na kubadilisha nembo, hilo peke yake linakuambia mengi.

Kuhusu kumpima: usiombe "mpango mkakati" wa bure. Utapewa kurasa 40 zilizopambwa, nusu yake zinafaa hata kwa muuza mabati. Mlipe kazi ndogo ya wiki tatu, siku nne za kazi, kwa ada inayolingana na siku hizo. Anachotaka yeye ni siku 8 na ushee kwa mwezi, kwa hiyo siku moja ni kama 400,000. Siku nne ni 1,600,000. Mpe mauzo ya miezi 12 kwa kila bidhaa, kila njia ya kuuzia na kila eneo; gharama ya kutengeneza kila pakiti; matumizi ya matangazo; orodha ya maduka. Kama hizi hazipo kwenye eksel, zipangwe kwanza na mhasibu wako, maana ukimwachia yeye utakuwa unalipa 400,000 kwa siku mtu aandike namba za risiti.

Mwisho wa wiki tatu akuletee mambo matatu: tuache nini, tuongeze nini, na namba gani tuitazame kila wiki. Hilo la kwanza ndilo kipimo. Kuongeza kila mtu anajua.

Na siku moja kati ya hizo nne apande gari lenu la mauzo, aingie maduka 8 mpaka 10, aongee na mangi (mwenye duka) mwenyewe. Atakayesema hana haja ya kwenda, umeokoa pesa.

---

KarataNaSheria

Najibu la mkataba tu, maana hapo ndipo wengi wanapojikwaa.

Kuandika neno "mshauri" juu ya karatasi hakutoshi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inataja vigezo ambavyo hata kimoja kikiwepo, mtu anachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kimojawapo: amekufanyia kazi wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita. Siku mbili za saa nane kila wiki ni kama saa 69. Tayari yumo. Vingine ni kama unampangia namna na saa za kufanya kazi, kama anategemea kipato kwako, kama unampa vitendea kazi, kama hana mteja mwingine.

Kwa hiyo kama mnataka awe mshauri kwelikweli, mwenendo wenu uthibitishe: analeta ankara kila mwezi, ana wateja wengine (weka kikomo, mfano wasizidi watatu), kompyuta ni yake, mnakubaliana matokeo na vikao badala ya saa za kuingia na kutoka, hayumo kwenye daftari la likizo. La sivyo siku mkiachana vibaya anakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi akidai aliachishwa kazi isivyo halali, na wewe ndiye utakayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba hakuwa mwajiriwa.

Kodi. Akiwa mshauri mkazi wa Tanzania, unakata kodi ya zuio asilimia 5 ya ada, unaipeleka TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, unampa cheti chake. Kwenye 3,500,000 ni 175,000, anapokea 3,325,000. Muulize mapema hiyo milioni 3.5 ni kabla ya makato au ya mkononi, kwa sababu ya mkononi ina maana ada kamili ni 3,684,210 na ushee, na tofauti inatoka kwako. Akiwa amesajiliwa VAT, asilimia 18 inaongezwa juu, na zuio linahesabiwa kwenye ada bila VAT. Dai risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), vinginevyo matumizi hayo yatakataliwa kwenye hesabu zako za kodi. Akiwa si mkazi, mfano anafanya kazi akiwa nje ya nchi, zuio ni asilimia 15.

Ukimwajiri kwa mkataba wa ajira wa siku hizo mbili kwa wiki, unaingia kwenye PAYE (kodi ya mshahara), NSSF (hifadhi ya jamii, mchango wa jumla asilimia 20, sehemu yako isipungue nusu), WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi), na SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) kwa kuwa una wafanyakazi 10 au zaidi. Si dhambi. Wakati mwingine ndiyo njia safi zaidi, hasa kama unataka awe bosi wa hao vijana wawili kabisa.

Muda: miezi sita, na mlango wa kutokea siku ya 90 kwa pande zote. Notisi siku 30.

---

Kijiko_Kimoja

Mimi napingana kidogo na wenzangu. Ada 3.5, matangazo 4. Yaani karibu nusu ya pesa yote ya masoko inakwenda kwa mtu wa kufikiri, na anayebaki kutekeleza ni kijana wa picha na kijana wa michoro. Dereva mzuri, mafuta hakuna.

Siku mbili za mtu mkuu zinanunua maamuzi. Hazinunui mikono. Jumanne ataamua kwamba maduka yaliyolala yapigiwe simu yote 150, na ataondoka. Nani atapiga Jumatano? Nani ataandika majibu? Ijumaa atarudi akute mbili zimepigwa, atazipiga mwenyewe, na hapo umegeuza mkurugenzi kuwa karani wa 400,000 kwa siku. Hili ndilo linaloua mipango hii mara nyingi kuliko ubovu wa mtu mwenyewe.

Ningekuwa naamua, ningefanya hivi: yeye siku moja kwa wiki, 1,750,000. Nusu inayobaki iajiri mratibu wa masoko na mauzo wa kudumu, mtu wa laki saba hadi nane, mwenye eksel na asiyeogopa simu. Na ikibaki chenji iende kwenye sampuli na mabango ya madukani. Mkuu anaamua, mratibu anasukuma, vijana wanatengeneza. Baada ya miezi minne, namba zikipanda, mpe siku ya pili.

Na hilo la "kampuni kubwa" usilichukulie kama sifa moja kwa moja. Huko alikuwa na wakala wa matangazo, ripoti za utafiti za kununua, na timu ya mauzo ya mikoa. Kwako hana. Mwulize hivi: "Una milioni 4, mwezi mmoja, vijana wawili, gari moja. Unafanya nini?" Akianza kwa kuuliza pakiti ipi ina faida zaidi na maduka yapi yanaagiza tena, endelea naye. Akianza na bango la barabarani na msanii wa kutangaza, mshukuru umsindikize. Na unapopigia simu waliofanya naye kazi, tafuta mwenye biashara ya ukubwa wako. Bosi wake wa zamani wa kampuni kubwa atamsifu kwa mambo usiyoyahitaji.

---

MamaBinzari

Nashukuruni sana. Hilo la mratibu sikuwa nimelifikiria kabisa. Maduka nimehesabu jana usiku: yaliyoagiza ndani ya siku 45 ni 204. Hapa kuna mawili zaidi. Anataka bonasi ya asilimia 2 ya ongezeko la mauzo. Na anataka yeye ndiye ashughulike na wachapaji, redio na watu wa mitandaoni moja kwa moja ili mambo yaende haraka. Nikubali?

---

Mzani_wa_Duka

204 ni nzuri kuliko nilivyobahatisha. Yaliyolala ni 136. Yagawe kabla hajaja: yaliyofungwa kabisa, yaliyohamia kwa mshindani, na yale ambayo gari lenu halipiti tena. La mwisho huwa kubwa, na halitibiwi na masoko, linatibiwa na ratiba ya gari.

Bonasi ya mauzo usikubali ilivyo. Mauzo yanaweza kupandishwa mwezi mmoja kwa kumjazia wa jumla mzigo kwa mkopo: katoni 200 badala ya 80, bonasi inalipwa, miezi miwili baadaye katoni 90 zinarudi tarehe za kuisha muda zikiwa zimekaribia na deni halijalipwa. Funga bonasi kwenye faida ghafi ya mauzo yaliyokwisha kulipwa, ukiondoa mzigo uliorudi, ilipwe kila robo mwaka na si kila mwezi. Punguzo la bei likimaliza faida, bonasi inajishukia yenyewe. Weka pia sharti la pili: idadi ya maduka yanayoagiza ndani ya siku 45 isishuke chini ya hiyo 204.

Kitu kingine kwa biashara ya viungo hasa: Ramadhani. Inawahi kwa kiasi cha siku 11 kila mwaka. Ya 2025 iliingia mwanzoni mwa Machi, ya 2026 ndani ya Februari. Ukilinganisha Februari na Februari utamlipa mtu bonasi ya mwandamo wa mwezi, na Machi utamlaumu kwa kosa hilohilo. Linganisha majuma: manne kabla ya Ramadhani na ya Ramadhani yenyewe kwa miaka yote miwili, ndipo ulinganishe miezi mingine kama kawaida.

Siku zake zisifuatane. Jumanne na Ijumaa ni bora kuliko Jumatatu na Jumanne, maana kazi ikikwama haikai wiki nzima. Jumanne dakika 45 za namba, wewe uwepo. Dakika hizo 45 usipozitoa, mwache tu, usimchukue. Hakuna mkuu wa masoko anayefanikiwa kwa mwenye biashara ambaye hapatikani kuamua.

---

Kijiko_Kimoja

La wachapaji na redio: kasi sawa, pesa hapana. Hapo ndipo cha juu kinapokaa. Bango la 380,000 linaandikwa 520,000, na bei inaonekana ya kawaida kwa sababu huna ya kulinganisha.

Andika kwenye mkataba: ankara zote ziandikwe kwa jina la kampuni na zilipwe na kampuni moja kwa moja, kazi yoyote inayozidi 500,000 iwe na nukuu tatu, moja kati yake itafutwe na mhasibu wako, asipokee kamisheni kutoka kwa yeyote anayekuuzia, na kama ana ubia na wakala fulani aseme kabla. Chini ya 500,000 aamue mwenyewe bila kukupigia. Hiyo ndiyo kasi anayoihitaji. Mtu msafi hatalalamika.

---

KarataNaSheria

Niongeze vya umiliki. Akaunti ya biashara ya Meta (Facebook na Instagram) ifunguliwe kwa barua pepe ya kampuni, wewe na mhasibu muwe na udhibiti kamili, yeye apewe ruhusa ya kazi tu. Hivyohivyo akaunti ya matangazo ya Google na jina la tovuti. Laini ya WhatsApp ya oda isajiliwe kwa jina la kampuni. Ikisajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA na alama za vidole vyake, siku akiondoka anaondoka na wateja wako wote mfukoni, na mtandao wa simu utamtambua yeye. Lipa namba (ya kupokea malipo kwa simu) nayo iwe ya kampuni.

Orodha ya namba za wateja iko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa hiyo mkataba useme anaitumia kwa kazi yako tu na anaifuta kwake mkiachana. Picha, michoro na maandishi yote yaandikwe kuwa mali ya kampuni ada ikishalipwa. Na kama jina la viungo bado hujalisajili BRELA (wasajili wa biashara na alama za biashara), lisajili wewe kabla hajaanza kazi. Mkiuza na Unguja, kumbuka usajili wa Bara hauvuki maji, Zanzibar wana msajili wao.

---

MamaBinzari

Sawa. Nimemwandikia: kazi ya majaribio siku nne, 1,600,000 kabla ya zuio, Alhamisi ya wiki ya pili anapanda gari la Dar. Laini ya oda nimeangalia, imesajiliwa kwa jina la yule kijana wa picha. Kesho naenda naye kuibadilisha.