Majirani wa Kisimani: Suala la Oili Chafu

Jumamosi

[07:12] Mama Tumaini: Habari za asubuhi, majirani. Naomba kila mmoja asome ujumbe huu hadi mwisho. Mvua ya usiku imefumua lile shimo la nyuma ya uwanja, na oili chafu imetiririka mtaroni hadi kufika hatua kama kumi kutoka kisima cha Bibi. Juu ya maji kuna utando unaong'aa rangirangi, nami nimeuona kwa macho yangu. Simtaji mtu, lakini mtaa huu una magari kumi na mawili yanayomwagwa oili nyumbani, bila kuhesabu bodaboda, na gari moja dogo hutoa takribani lita 4 kila mara. Leo tukubaliane oili hiyo iende wapi.

[07:15] Mama Tumaini: Napendekeza tununue pipa lenye kifuniko, liwekwe kwenye kibanda cha mlinzi, na kila nyumba ichangie shilingi 3,000. Naomba majibu kabla ya saa nne.

[08:40] Mama Tumaini: Ujumbe umesomwa na watu 31, na hakuna aliyejibu.

[08:52] Baba Irene: Mimi nipo, Mama Tumaini. Nilikuwa nainua godoro kutafuta hiyo elfu tatu. 😂

[08:53] Baba Salome: Ukiipata, endelea kuinua, huenda na fedha za geti zimelala humo.

[08:54] Baba Irene: Za geti zilishafukiwa, ndugu yangu, na matanga tukaanua.

[08:56] Mama Tumaini: Suala la geti lilijadiliwa na kufungwa. Naomba tubaki kwenye oili.

[08:58] Mama Rehema: Sijui lilifungwa na nani, lakini tubaki kwenye oili, kwa maana hata mimi nina la kusema. Mwaka juzi matuta yangu manne ya mchicha yalikauka katika wiki moja, na udongo ukawa mweusi unaonuka gereji. Nilipouliza humu niliambiwa ni jua kali. Jua hilo liliunguza matuta manne yaliyo karibu na uzio na kuyaacha mengine sita. Mpaka leo hapo hapaoti hata magugu.

[09:05] Baba Karim: Mama Rehema, najua unamsema nani. Ni kweli kwamba nguzo za uzio wangu nazipaka oili chafu kwa ajili ya mchwa, kama alivyofanya marehemu baba yangu, na inayobaki huimwaga kwenye shimo nililolijaza mchanga ili ardhi iichuje. Sijawahi kumwaga oili kwenye tuta la mtu.

[09:21] Mwalimu: Baba Karim, nakuomba unielewe, kwani nayasema haya bila nia ya kukuaibisha. Ardhi haiichuji oili, huihifadhi tu, na mvua inapokuja huisukuma chini na pembeni hadi ikutane na maji. Oili iliyotoka kwenye injini si ile iliyoingia: hubeba chembe za metali zilizosagika humo, zinki ya viungo vyake yenyewe, na kemikali zinazotokana na kuungua kwa petroli au dizeli, ambazo baadhi yake husababisha saratani. Wataalamu wa mazingira hukadiria kwamba galoni moja ya oili hiyo inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, ule wa kimataifa kuhusu taka hatarishi, umeiweka miongoni mwa taka zinazohitaji udhibiti, na kwetu ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.

[09:24] Baba Karim: Basi nitaichoma.

[09:26] Mwalimu: Tafadhali usiichome. Moto wa uani hauna joto la tanuri la kiwanda, hivyo sumu hupanda na moshi na kuingia madirishani mwetu.

[09:27] Baba Irene: Madirisha ya Baba Salome hayafunguki tangu fundi ayapake rangi, kwa hiyo yeye yuko salama. 😂

[09:28] Baba Salome: Hayo madirisha tulikubaliana yasitajwe humu.

[09:31] Mama Tumaini: Jamani, ni saa tatu na nusu, na oili bado iko mtaroni. Mtaro ule unaingia Mto Msimbazi, na bondeni watu wanalima mboga tunazokula sisi wenyewe. Fundi Baraka, tunaomba neno lako.

[10:47] Fundi Baraka: Samahani, nilikuwa chini ya gari. Oili haichakai kama watu wanavyodhani, huchafuka, na ndiyo maana viwandani inaweza kusafishwa ikatumika tena au ikawa nishati ya matanuri. Kwa hiyo cha kwanza ni kutoichanganya. Ukitia ndani yake petroli, maji ya rejeta, oili ya breki au tina, umeiharibu, na mchukuaji ataikataa. Injini iwe na uvuguvugu tu isije ikakuunguza, kinga kwa beseni pana, kisha mimina kwenye dumu lilelile la oili mpya na ulifunge vizuri. Filta nayo isitupwe jalalani ikiwa imejaa. Itoboe, uiinamishe juu ya beseni, uiache ichuruzike usiku kucha.

[10:49] Mwalimu: Naongezea kwamba isiwekwe kamwe kwenye chupa ya maji wala dumu la mafuta ya kula, hata kwa saa moja. Mama Tumaini anajua kwa nini nasema hivi.

[10:50] Mama Tumaini: Najua, Mwalimu. Ahsante.

[10:58] Fundi Baraka: Kuhusu pipa, lisiwe lililobeba petroli wala dawa ya wadudu, na lisikae kibandani, kwa sababu mlinzi anapikia mkaa humo humo.

[11:02] Mama Tumaini: Sikulifikiria hilo. Basi likae kwa nani?

[11:40] Mama Tumaini: Nimeuliza, likae kwa nani?

[12:34] Bibi (anaandika mjukuu): Nawasalimu wote. Kisima hiki alikichimba marehemu mume wangu mwaka 1979, na siku kilipotoa maji aliniusia kisitiwe kufuli, kwa kuwa maji hayanyimwi mtu. Bomba lilipokauka siku tisa mlipanga ndoo zenu hapa hadi usiku wa manane, na Baba Karim alikuwa mmoja wenu. Sikumtoza mtu hata senti. Leo nimeteka ndoo ya kwanza, nikainusa, nikaimwaga. Nimemtuma mjukuu akanunue kufuli. Litakaa hadi maji yapimwe, na hadi mniambie oili yenu mtaiweka wapi. Sina neno jingine.

[13:19] Baba Karim: Shikamoo Bibi. Nimesoma ujumbe wako mara tatu. Shimo ni langu na nisingependa mtu mwingine abebe lawama. Kesho alfajiri nitalichimbua. Mama Rehema, kuhusu mchicha nitakuja nyumbani tuzungumze.

[13:22] Mama Rehema: Karibu.

[13:30] Mwalimu: Shikamoo Bibi. Baba Karim, udongo utakaoutoa usiurudishe mtaroni. Uweke juu ya turubai, uufunike mvua isiupate, na iliyo mtaroni tuinyonye kwa vumbi la mbao ambalo nalo tutalihifadhi kwenye mifuko. Majirani, maji ya kisima yasinywewe hata yakichemshwa, kwa kuwa kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi metali wala oili. Jumatatu nitapeleka sampuli maabara.

[14:05] Fundi Baraka: Yupo mtu anayenunua oili chafu pale gereji kila mwisho wa mwezi.

[14:07] Mwalimu: Je, ana kibali cha mamlaka za mazingira cha kukusanya taka hatarishi? Asije akaichukua kwetu akaimwage kwa wengine.

[14:09] Fundi Baraka: Sijawahi kumuuliza. Nitamuuliza.

[18:15] Mama Tumaini: Nimenunua pipa kwa fedha zangu. Waliochangia hadi sasa ni nyumba saba, na Baba Irene si mmoja wao. Pipa liko barazani kwangu kwa leo tu, kwa sababu nina wajukuu wanaoingia kila mahali. Bado tunahitaji mahali penye sakafu ya saruji, paa na kufuli. Nani ana stoo?

[18:16] Mama Tumaini: Baba Salome, stoo yako haina kitu.

[20:48] Mama Tumaini: Baba Salome?

[22:31] Juma wa Bodaboda: Shikamooni wakubwa. Ndiyo kwanza nafungua simu. Kijiweni tuna madumu mawili ya lita tano yaliyojaa, na vijana walikuwa wanataka kuyamwaga usiku huu. Nimewazuia. Tuyalete wapi?