Morris Minor ya babu: rangi ya kiwandani nitaijuaje?

Mwana wa Wete: Assalam alaykum wakubwa. Nimerithi gari ya babu, Morris Minor ya 1960, imelala bandani hapa Wete. Sasa nyekundu, na viti vimeshonewa kitambaa cha makochi (Mungu amsamehe fundi). Bibi anasema ilikuja kijivu, ami anaapa kijani. Nataka ya kiwandani, sitaki ya kukisia.

Fundi Saateni: Waalaykum salaam. Usiikwangue bado! Ng'oa vibao vya ndani ya milango, chungulia nyuma ya dashibodi na chini ya zulia la buti. Wapiga rangi wetu hawafiki huko. Kisha chagua pahala padogo, piga msasa wa maji namba 1000 kwa duara: rangi zitatoka pete kwa pete, na iliyo juu ya praima (rangi ya msingi) ya kwanza ndiyo yenyewe. Palipopigwa jua usipaamini, pamepauka. Viti fumua upindo wa chini, huenda kipande cha zamani kimenasa kwenye fremu.

Bi Mkunazini: Gari hizo zilipigwa rangi kila Sikukuu! Nakili namba ya chasisi kwenye kibao ndani ya boneti, uwaandikie British Motor Museum, makumbusho ya magari, Gaydon, Uingereza. Wana daftari za kiwanda. Cheti chao kwa kawaida hutaja rangi, viti na ilikopelekwa. Hulipiwa lakini.

Mwana wa Wete: Nimepiga msasa ukingo wa mlango. Kijivu kipo, ila chini yake kijani. Ami kashinda. Bibi bado hajaambiwa.