Korea mbili kuungana: bado kuna njia au ndiyo basi?

mdadisi_wa_mashariki: Wakuu, mwishoni mwa 2023 kiongozi wa Korea Kaskazini, Kim Jong Un, alitangaza kuwa Kusini si ndugu tena, ni dola adui. Oktoba 2024 barabara za mpakani zikalipuliwa. Kuungana bado kunawezekana? Mbona Ujerumani iliweza 1990?

Rasi38: Mkuu, Ujerumani inapotosha. Kule Wamagharibi walikuwa karibu wanne kwa kila Mmashariki mmoja. Korea ni wawili kwa mmoja, takriban milioni 52 kwa 26, na kwa makadirio ya Benki Kuu ya Kusini kipato cha mtu wa Kaskazini hakifiki asilimia 5 ya mwenzake. Kubwa zaidi, Gorbachev, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, aliiachia Ujerumani Mashariki, ilhali Kim ana nyuklia zake na sasa ana Urusi. Kifungu cha 4 cha mkataba wao wa Juni 2024 kinadai msaada wa kijeshi upande mmoja ukivamiwa. Miezi mitatu kabla yake, kura ya turufu ya Urusi ililiua jopo la UN lililofuatilia vikwazo dhidi ya Kaskazini. Seoul haina tena cha kumvutia nacho.

fundi_reli: Hata wakipatana leo, kazi ipo. Upana wa reli ni uleule, milimita 1,435, ila umeme wa treni Kaskazini ni volti 3,000 mkondo mnyoofu (DC) na Kusini ni volti 25,000 mkondo geu (AC). Vikwazo navyo vinabana: treni ya Kusini iliyokwenda kukagua reli za Kaskazini 2018 ilihitaji kwanza ruhusa maalumu ya Baraza la Usalama.

mdadisi_wa_mashariki: Basi Kusini nayo si ikubali tu kwamba ni nchi mbili?

Rasi38: Hapo ni pa hatari. Kifungu cha 3 cha katiba ya Kusini kinasema nchi yao ni rasi nzima. Kwa msingi huo, Mkaskazini akitoroka na kufika Seoul anahesabiwa raia, haombi hifadhi kama mgeni. Ukikifuta, unawatupa watu hao. Afadhali waanze chini: Kaskazini ipokee simu za Kusini, maana tangu Aprili 2023 haijibu. Kisha warudishe makubaliano ya kijeshi ya 2018, yaliyokataza mazoezi ya mizinga ndani ya kilomita 5 kutoka mstari wa mpaka. Rais Lee Jae-myung wa Kusini aliahidi Agosti 2025 kuyarejesha hatua kwa hatua, akasema pia hana nia ya kuimeza Kaskazini. Naunga mkono, kwa sababu kwenye mpaka ule kombora moja la bahati mbaya, bila simu ya kuulizana, linatosha kuanzisha vita.