Landrova 109 ya 1978: nifufue petroli ya babu, niweke Tdi au 3L ya Toyota?

Karatu109: Habari zenu wakuu. Babu katuachia landrova 109 Series III (ile ndefu), injini ya petroli lita 2.25, imelala chini ya mparachichi tangu 2012. Bajeti yangu milioni 6, nataka iende Arusha na kurudi mara mbili kwa mwezi na ipite ukaguzi. Fundi mmoja anasema toa hiyo injini weka 3L, ile dizeli ya Toyota, mwingine anasema Tdi, dizeli ya tabo ya Landrova wenyewe, mimi roho inataka ibaki ya babu. Nani kapitia hii?

MzeeWaDifu: Kijana, injini baadae. Chukua nyundo ulale chini ugonge chesisi yote, anzia nyuma kabisa pale panapofungwa tela. Ikilia kama kengele ni nzima, ikilia puu imeoza ndani. Watu wanadanganyika na bodi kwasababu aluminiamu hailiwi na kutu kama chuma, ila chesisi ni chuma na ule ukuta wa mbele unaobeba dashibodi nao chuma, angalia miguu inapokanyaga. Mimi nilifunga Tdi kwanza, miezi minne mbele mkono wa springi ukang'oka karibu na Makuyuni, injini ikashushwa tena ili watu wachomelee, gharama mara mbili.

MamaTdi: Shikamoo mzee, umesema kweli. Mimi natumia 200Tdi kwenye 109 mwaka wa sita na siirudii petroli, petroli ilikuwa inanipa km 5 au 6 kwa lita, sasa napata 9 hadi 10. Uzuri wake 200Tdi inakaa kwenye gia boksi ileile bila bamba la kuchonga la kuunganishia, unahamisha tu flaiwili ya zamani (gurudumu zito la nyuma ya injini) na nyumba yake. Ila ukipata iliyotoka Discovery ujue tabo yake (pampu ya hewa) iko chini inagonga chesisi, lazima utafute manifodi ya Defender, lile bomba la moshi linalobeba tabo. 300Tdi ni nzuri pia ila maundi zake (vishikio vya injini kwenye chesisi) haziko mahali pamoja na za zamani, utachomelea mpya. Na timing belti ubadilishe kabla hujawasha, usimwamini muuzaji. Kwa milioni 6 lakini mdogo wangu, injini, redieta, mabomba, halafu breki ulipie na nini?

MekanikaNai: Niko Nairobi, nimefunga 3L mbili kwa hizi gari. Spea ziko kila mahali hata kijijini kwasababu ya Hiace, hapo haina mpinzani. Shida ni gia boksi za Hiace nyingi hazina foo-wili, so unabaki na ya Landrova na unachongewa bamba kwa lethi, na hilo bamba likiwa halijanyooka beringi ya mbele ya gia boksi inakufa mapema sana. Moja kati ya zile mbili ilirudi kwangu hivyo. Pia namba ya injini iko kwa kadi ya gari, ukibadilisha lazima uandikishe upya, hiyo weka kwa bajeti.

MzeeWaDifu: Kwa pesa yako mimi nasema petroli ibaki. Toa plagi zote nne, mimina oili nyepesi kidogo kila silinda, acha siku tatu, halafu zungusha kwa handeli ya mbele. Usifunge betri kwanza, ringi zikiwa zimeganda stata itazivunja. Tanki lishushwe lioshwe, mafuta ya 2012 sio mafuta tena. Breki usifanye nusu, 109 ina wili silinda 6, mbele mbili mbili na nyuma moja moja, badilisha zote na masta silinda na mipira yote. Tairi hata kama meno yamejaa soma tarakimu nne pembeni, mbili za mwisho ni mwaka.

Karatu109: Marahaba kwa ushauri... samahani, shikamoo mzee! Nimerudi. Chesisi inalia vizuri isipokuwa mikono miwili ya kushoto, fundi anakata anaweka bati la mm 3. Tairi zinasoma 08, zote nje. Leo siku ya nne ya oili, handeli ilikataa asubuhi, mchana nikaongeza oili na shemeji akashika na mimi, ikazunguka nusu, halafu mzunguko mzima. Nimekaa chini nikalia kidogo. Petroli inabaki. Kesho naanza na breki, wili silinda mnanunua Gerezani ya Dar au Arusha zipo?

MamaTdi: Arusha zipo, beba moja ya zamani mkononi, za 88, ile landrova fupi, hazifanani na zako na wanaweza kukupa hizo.