Kama maziwa yangu ni maji, mbona ulimpa maji? Yule mnayemjua kanivuruga leo!

mama_kichanga ameandika:

Wadau, naandika huku natetemeka. Mkikuta herufi zimerukana msinisahihishe, mkono mmoja umeshika mtoto.

Yule mwanamke amekuja tena. Simtaji jina, na hakuna haja. Kila mwenye kichanga humu anamjua, na kama kwako si yeye basi ni pacha wake. Yule asiyepiga simu kabla ya kuja. Yule anayepitiliza mpaka chumbani bila hodi, pochi bado iko begani, sauti inatangulia mlangoni kabla ya mwili. Yule aliyezaa zamani hizo na tangu siku hiyo kajipa udaktari wa watoto wa dunia nzima.

Sasa sikieni. Mwanangu jana usiku hakulala. Narudia: HAKULALA. Ananyonya, anaachia, analia. Ananyonya, anajaza nepi, analia kwa sababu kaijaza. Nambadilisha, analia kwa sababu nimembadilisha. Kumekucha tunatazamana. Asubuhi nzima nimetembea naye kifuani, sebuleni, jikoni, sebuleni, mpaka sakafu imenichoka. Mchana ndiyo akasinzia. Nikamlaza chali, nikachomoa mkono chini ya shingo yake taratibu, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayetegua bomu. Nikasema sasa naenda kuoga. Kuoga, jamani! Sikuomba kitu kingine duniani.

Sijafika mlangoni, huyo kaingia.

"Haa! Mchana wote huu kalala? Hebu nimwone macho!" Na kidole. Kampiga piga shavuni na kidole kilichotoka barabarani, kilichoshika hela na vitasa vya nusu ya dunia, hakijaona sabuni. Mtoto kashtuka, kapiga ukelele wa kukusanya majirani. Akamnyanyua, akamtikisa tikisa, kisha akanigeukia, akanitazama hapa kifuani, tena bila haraka, mbele ya shemeji zangu na mgeni mwingine ambaye hata hatujazoeana, akasema:

"Huyu ana njaa. Maziwa yako ni maji tu."

MAZIWA. YAKO. NI. MAJI. TU.

Hayo ningeyameza, nimeshameza mengi tangu nijifungue. Akaomba kijiko. Mtu akampa (huyo aliyetoa kijiko anajijua, zamu yake inakuja). Akachota maji, akamtia mwanangu mdomoni. MAJI! Sasa ninyi mlioenda shule nisaidieni: kama ubaya wa maziwa yangu ni kwamba ni maji, dawa yake inakuwaje maji? Anamponya maji kwa maji? Akili ya wapi hiyo?

Nikamwambia, tena kwa adabu, shikamoo yake nimempa: kliniki wamesema miezi 6 ni kunyonya tu, hata maji hapana. Kicheko alichocheka kimefika nyumba ya tatu. "Sisi tuliwapa maji na mmekua." Nikamchukua mwanangu mikononi mwake. Basi nikawa na kiburi cha uzazi wa kwanza. Nikawa nimedanganywa na simu. Nikawa nimejiachia, "kutwa uko nyumbani, hata nywele zinakushinda?"

Mwanangu uzito wa kuzaliwa aliurudisha kabla ya wiki 2 kwisha. Kadi yake mstari unapanda kila tukienda. Nepi anazilowesha mpaka kamba ya kuanikia imelala chini. Mwenye njaa anakojoa nini? Maneno ya yule mwanamke?

Baada ya hapo nimemnyonyesha, kalala tena palepale. Hakuwa na njaa! Alikuwa na usingizi aliokatizwa na kidole! Kile kijiko nimekitupa. Kilikuwa cha seti, sijali.

Maziwa yako ni maji tu. Mbele za watu. Na kijiko.

---

Kidole_Juu:
Nimesoma mpaka mwisho natafuta kosa la yule mama, sijaliona. Mtu katoka kwake, katumia nauli, kaja kukusalimia. Kesho asipokuja utafungua uzi mwingine kwamba mmetelekezwa.

mama_pacha:
Kidole nyamaza, hujawahi kubeba hata mimba ya wazo. Dada mama_kichanga pole sana. Kwangu alifika, akafunua mmoja, akafunua wa pili, akaniuliza, "Wote wawili ni wa baba mmoja?" Nilikuwa na mshono, ningesimama siku ile mngenisoma magazetini.

mama_kichanga:
Ndiye huyohuyo!! Lakini mama_pacha, wewe alikutukana kwa mdomo tu. Mimi kaniletea na KIJIKO.

muuguzi_wa_zamu:
Dada pole. Kijiko kimoja hakitamdhuru, usikae na hofu. Hatari ni ile tabia. Leo kijiko, kesho chupa. Tumbo la kichanga ni dogo, likijaa maji maziwa yanakosa pa kukaa, uzito unashuka. Na figo zake bado changa, maji mengi yanazimua chumvi kwenye damu, mtoto anaweza kuishia kwenye degedege. Shirika la Afya Duniani limeliweka wazi: miezi 6 ya mwanzo maziwa ya mama peke yake, labda dawa au matone ya vitamini aliyoandikiwa na mtaalamu. Hata kukiwa na joto kali hahitaji maji, maziwa yenyewe karibu asilimia 87 ni maji, kiu inaisha humohumo.

Na huko kunyonya na kuachia usiku kucha ni kawaida. Akinyonya mara nyingi ndivyo mwili unavyopata taarifa ya kutengeneza zaidi.

Kidole_Juu:
Subirini kwanza. Asilimia 87 ni nini? Rudia taratibu, muuguzi.

Kidole_Juu:
Kwa hiyo yule mama kasema "maziwa yako ni maji" na kapata 87 kwa 100. Shuleni kwetu hiyo ilikuwa A. Mwombeni radhi mama wa watu.

fundi_saa:
😂😂😂 Uzi umefungwa. Muuguzi kamzika mwenye uzi na koleo lake mwenyewe.

mama_kichanga:
Kidole, na wewe asilimia kubwa ya mwili wako ni maji, mbona hatukunywi? Hiyo asilimia 13 iliyobaki ndiyo iliyomfanya mwanangu anenepe mashavu! Humo mna mafuta, mna sukari, mna kinga ya magonjwa. Yule hakusema "ni asilimia 87". Alisema "ni maji TU". TU! Muuguzi mwambie!

muuguzi_wa_zamu:
Nimwambie nini tena. Ya mwanzoni mwa kunyonya huonekana mepesi, mafuta huongezeka kadiri titi linavyomalizika. Ndiyo maana tunasema mtoto amalize upande mmoja kwanza. Kuyakamua kwenye kiganja ukayatazama rangi hakukuambii kitu. Tazama nepi na uzito. Nepi nzito 6 kwenda juu kwa siku, na mstari wa kadi unapanda, huyo anashiba. Natoka zamu, nalala.

Bibi_Mwenye_Wajukuu:
Wanangu, hamjambo. Nimewasoma kimya kimya sasa nimechoka. Kijiko sikitetei, siku hizi tunajua. Lakini na ninyi mnatuua. Nimefika kwa mkwe wangu nina hamu na mjukuu mpaka kifua kinabana, nikasimamishwa mlangoni. Nawe mikono. Nimenawa. Mpaka viwiko. Nimenawa. Vua hereni. Nimevua. Badilisha kitenge kina manukato. Nikabadilisha! Mwisho nikakaa, nikaambiwa mtoto amelala, nimtazame kwa mbali. Nimemtazama mjukuu wangu kutoka kwenye kiti cha dirishani nikarudi kwangu. Huo nao si ukatili?

mama_pacha:
Bibi shikamoo. Hapo kwenye hereni wamezidisha. Ila mikono ni haki yao. Na busu la mdomo usijaribu, mtu mwenye malengelenge ya mdomo akimbusu kichanga anaweza kumlaza hospitali.

Bibi_Mwenye_Wajukuu:
Nimbusu na nini, mwanangu, wakati niko dirishani?

mama_kichanga:
Bibi, ungekuja wewe kwangu ningekupa mtoto, kiti na mto wa kuegemea, halafu ningeenda kuoga nikafa usingizi bafuni. Tatizo ni yule. Yule anaingia na kidole, anatoka kaacha kijiko.

baba_mlezi:
Naomba na sisi tusikilizwe. Mimi ndiye ninayempeleka wetu kliniki, mama yake karudi kazini. Kila nikifika nimembeba, swali ni moja: "Mama yake yuko wapi?" Benchi zima linanigeukia. Juzi mama mmoja kanivua mtoto mikononi bila kuniomba, akaniambia nambeba kama mzigo wa kuiba. Mtoto wangu! Ninayemwogesha mimi!

Wifi_Mtata:
baba_mlezi hongera, ila tuambie usiku anaamka nani?

baba_mlezi:
Tunaamka wote.

Wifi_Mtata:
"Tunaamka wote." Haya. Akilia saa nane usiku, mguu wa nani unagusa sakafu kwanza?

baba_mlezi:
Inategemea yuko upande gani wa kitanda.

Wifi_Mtata:
Nilijua. 😂 Wangu naye yuko upande wa ukutani tangu mtoto azaliwe, kauhama mlango kabisa. Asubuhi anajinyoosha, anasema, "Leo katulia, eh, tumelala vizuri." TUMELALA. Nimepasua yai moja la chai kwa hasira.

fundi_saa:
Yai la chai ndiyo nini?

Wifi_Mtata:
Chai na yai. Sijalala, nielewe.

mama_kichanga:
Jamani, kijiko. Turudi kwenye kijiko. Mnadhani atakuja tena kesho? Nifunge mlango na komeo?

Kidole_Juu:
Funga na dirisha, Bibi amekaa hapo.

Bibi_Mwenye_Wajukuu:
Wewe Kidole ungekuwa wangu ungelala na njaa leo.

mama_pacha:
Mimi nina jingine linaniwasha kuliko hata lile la baba mmoja. Kila mgeni anakuja anasema watoto wamefanana na baba. Pua ya baba, paji la baba, mpaka masikio! Mimba nimebeba mimi, miguu imevimba mimi, kutapika mimi, mshono wangu, halafu mimi ndani ya hao watoto sina hata kucha?

Wifi_Mtata:
WEWE! Yaani hapo umenigusa palepale. Wangu wamemgawana wote. Macho ya shangazi, kidevu cha babu, kidole gumba cha baba mdogo. Akilia tu ndiyo, "Hicho kilio ni cha mama yake."

baba_mlezi:
Hapo mnalalamika bure. Wa kwangu wanasema hakufanana na mimi hata kidogo, tena wanasema mbele yangu, kwa kunong'ona nikiwasikia. Nani kati yetu ana haki ya kuumia?

fundi_saa:
😳

Kidole_Juu:
Baba, hilo fungulia uzi wake. Hilo si la kuchomeka katikati ya kijiko cha mtu.

mama_pacha:
Na wanabadilika, usiwasikilize. Wangu walizaliwa na nywele kichwa kizima, zikapukutika zote, wakaota nyingine za rangi tofauti. Sura ya kichanga haina mwenyewe.

muuguzi_wa_zamu:
Sijalala, simu inalia tu. baba_mlezi, anachosema mama_pacha ni kweli, hata macho hubadilika rangi kwa baadhi yao miezi ya mwanzo. Na wewe mama_kichanga, wako yuko karibu na wiki ya 6? Kilio chao hupanda, wengi hufika kilele hapo, kisha hupungua kuelekea miezi 3 au 4. Si njaa na si maziwa.

mama_kichanga:
ASANTE. Naomba andiko hili lichapwe kwa herufi kubwa nilibandike mlangoni kwa nje.

Kidole_Juu:
Mlango upi, si anaingia bila kusoma wala kubisha.

Bibi_Mwenye_Wajukuu:
baba_mlezi mwanangu, hao wanaonong'ona ni upande wako au upande wa mkeo?

baba_mlezi:
Wangu, Bibi. Dada yangu hasa.

Wifi_Mtata:
Nilijua tu ni wifi!! Mniache, jina langu hapa si la kweli, mimi mwenyewe nimeteswa na mawifi. Mmoja kanitungia jina la mtoto, akalitangaza kwenye kundi la familia na picha, mimi bado niko wodini. Nimepata hongera za mtoto nisiyemjua jina.

mama_pacha:
Alichagua jina gani?

Wifi_Mtata:
La kwake mwenyewe.

fundi_saa:
Hapana. Hapana kabisa. 😂😂

baba_mlezi:
Haya nimefungua uzi: "Mawifi na vichanga, leteni yote." Njooni huko, huku tunamjazia mwenye nyumba.

Bibi_Mwenye_Wajukuu:
Nakuja, na mimi niliwahi kuwa wifi, nitajibu kwa niaba yao.

mama_pacha:
Niwekeeni nafasi ya mbele.

mama_kichanga:
Uko wapi huo uzi, mbona siuoni? Aliyetoa kijiko ni wifi yangu.