Mashine ya kuvunia ngano: sifa ni ya aliyeianzisha au ya walioifanya ifanye kazi?

Msumeno (mleta mada)

Wakuu, kwenye kundi letu la wakulima na mafundi wa zana kumezuka ubishi, nikaona niulete hapa kila mtu auchangie. Mwenzetu mmoja anataka sheria ya hataza (patent, yaani haki anayopewa mvumbuzi ya kuzuia wengine kutumia alichobuni) iongezewe makali: fundi akibuni mashine, mashine yote iwe yake, na anayeigusa ashtakiwe. Mfano wake ni Cyrus McCormick wa Virginia, Marekani. Anasema huyu alivumbua mashine ya kuvunia ngano mwaka 1831, akalindwa na sheria, akailisha dunia.

Mimi napinga, na mfano nachukua huohuo.

Ile mashine ya 1831 ilikuwaje? Gurudumu moja kubwa linaburuzwa na farasi, nalo ndilo linaloendesha kila kitu. Pembeni kuna kisu kirefu kinachokwenda kulia na kushoto, na vidole vya chuma vinavyoshikilia mashina yasiinamie mbali na kisu. Mikono ya mbao inazunguka na kuyalaza mashina juu ya jukwaa, halafu mtu anatembea kando na reki akishusha ngano iliyokatwa chini. Baba yake, Robert, alikuwa ameshahangaika na kitu hicho kwa miaka mingi. Kijana akakimalizia, akakionyesha Julai 1831. Baada ya hapo? Kimya. Mashine za kwanza zilikuja kuuzwa karibu na 1840. Mwaka 1842 aliuza 7, uliofuata 29, wa 1844 akauza 50. Huyo ndiye aliyeilisha dunia?

Tena hakuwa peke yake. Obed Hussey, baharia wa zamani wa meli za kuwinda nyangumi, alipata hataza Desemba 1833, nusu mwaka kabla ya McCormick kupata yake Juni 1834. Kule Scotland, Patrick Bell, kijana aliyekuwa akisomea uchungaji, alikuwa na mashine yake shambani tangu 1828, na hakuiombea hataza kabisa.

Sasa angalieni kisu, maana ugomvi wote upo hapo. Kisu cha mwanzo cha McCormick kilikuwa karibu kinyoofu, kimechongwa meno madogo. Hussey alipanga vipande vya pembetatu kwenye upau mmoja, vinapita ndani ya mwanya wa kila kidole. Kilikata vizuri, lakini majani mabichi yalisongamana kwenye mwanya, kisu kikakwama, farasi wakasimama. Ikabidi afikirie tena, na mwaka 1847 akapata hataza ya vidole vilivyoachwa wazi ili takataka itoke yenyewe. Nendeni leo mkalale chini ya kombaini, mashine ya kuvunia ya siku hizi, kule Mbarali au Narok mtazame kisu chake: pembetatu na vidole, vya Hussey. McCormick mwenyewe aliishia kutumia kisu cha namna hiyo. Je, kama sheria ingempa mashine yote mtu mmoja mwaka 1834, nani angekuwa na haki ya kurekebisha kisu?

Mtaji Kwanza

Mleta mada unaandika vizuri ila umeruka nusu ya hadithi. Kutengeneza kisu si kumfikishia mkulima kisu. McCormick alihamia Chicago mwaka 1847, akajenga kiwanda kule ngano inakokwenda, si kule alikozaliwa. Mashine ilikuwa dola 120. Mkulima wa Illinois hana dola 120 mkononi, basi anatanguliza kama 30, zinazobaki analipa baada ya mavuno. Anapewa dhamana ya maandishi kwamba mashine itakata ekari moja na nusu kwa saa, isipokata arudishe. Kuna wakala karibu, kuna vipuri. Mtu mwenye fyekeo refu lenye vijiti vya kukusanyia alikuwa akikata kama ekari mbili kwa siku nzima, tena awe na nguvu.

Na huyo Bell mnayemsifu kwa kutoomba hataza, matokeo yake nini? Alizawadiwa pauni 50 na chama cha kilimo cha Scotland, mashine ikabaki kwenye mashamba machache. Miaka zaidi ya ishirini imelala! Kitu cha bure hakina mwenyewe wa kukisukuma sokoni. Mwaka 1851 Waingereza walishangaa mashine za Wamarekani kwenye maonyesho makubwa ya London, wakati ya kwao ilikuwa ghalani.

Msumeno

Mtaji, hayo ya mkopo na dhamana nakupa yote mia kwa mia. Ila tazama tarehe zako. Hataza ya 1834 ilikwisha 1848, akaomba aongezewe muda, akanyimwa. Biashara yake kubwa, ya kiwanda, ya mawakala, ilikua *baada* ya hapo, wakati washindani wamejaa kila upande. Alishinda kwa sababu alikuwa mfanyabiashara hodari. Sheria haikumbeba.

Kuhusu Bell, hukosei kwamba ililala, ila umemtafuta mchawi pasipo. Vibarua wa kuvuna Uingereza walikuwa tele, Waskoti wa milimani na Waayalandi wanaokuja kila msimu, na ujira ulikuwa mdogo. Tajiri wa shamba anunue mashine ya nini? Halafu mashine ya Bell ilisukumwa na farasi kutoka nyuma na ilikata kwa mikasi mingi iliyopangwa safu. Nzito, na kuinoa ni shughuli. Illinois ardhi ilikuwa kubwa na watu wachache, ngano ikiiva una siku kumi hivi, ikipita hapo inapukutika.

Na hiyo London uliyoitaja, siku ya majaribio shambani kule Essex Hussey mwenyewe hakuwepo, mashine yake ikaendeshwa na watu wasioijua, kwenye ngano mbichi na mvua, ikasongwa. McCormick akachukua medali. Miezi michache baadaye wakashindanishwa tena kaskazini, Yorkshire, Hussey yupo, akashinda. Mashine zilezile mbili, mwaka uleule! Yeyote aliyewahi kukodi kombaini anajua dereva ni nusu ya mashine.

Kijana wa Historia

Mnabishana McCormick na Hussey kana kwamba orodha imeishia hapo. Jo Anderson mbona hatajwi? Alikuwa mtumwa wa familia ya McCormick, na alishiriki kuijenga mashine ya 1831. Kwenye karatasi za hataza hayumo.

Na asingeweza kuwemo. Mwaka 1858 Mwanasheria Mkuu wa Marekani, Jeremiah Black, alitoa msimamo kuhusu mashine ya shamba la pamba iliyobuniwa na mtumwa mwingine: haiwezi kupewa hataza hata kidogo. Mtumwa si raia, hivyo kiapo chake hakipokelewi, na bwana wake hawezi kuapa kwamba yeye ndiye mvumbuzi. Kwa hiyo anayetaka "mashine yote iwe ya mwenye hataza" atuambie kwanza ni nani anaruhusiwa kuingia mlangoni pa ofisi.

Mtaji Kwanza

Hilo ni la utumwa, si la hataza. Tusichanganye.

Kijana wa Historia

Kaka, ofisi ni ileile na fomu ni ileile.

Binti Pangani

Naomba niwarudishe kwenye mashine, maana mmeishia kwenye kukata. Kukata ilikuwa nusu ya kazi. Nyuma ya mashine ya McCormick walihitajika watu watano, sita, wameinama kutwa wakifunga miganda kwa mabua. Mwaka 1858 ndugu wawili wa Illinois, Charles na William Marsh, walipata hataza ya turubai linalozunguka na kupandisha ngano iliyokatwa hadi kwenye meza pembeni. Wafungaji wawili wakawa wanapanda juu ya mashine, wanafunga wakiwa wamesimama. Jambo dogo, lakini muulizeni aliyewahi kuvuna mpunga kwa mundu mgongo wake unasemaje jioni.

Kisha zikaja mashine zilizofunga zenyewe, kwa waya, miaka ya 1870. Zikaleta balaa lake: vipande vya waya vikabaki kwenye mabua, ng'ombe wakavila, wenye vinu nao wakaogopa chuma kwenye mawe yao. Ndipo John Appleby wa Wisconsin akatoa kifaa cha kufunga kwa kamba, hataza ya 1878. Ni chuma kidogo chenye umbo la mdomo wa ndege. Kinazunguka mara moja, kamba inajisokota juu yake, mdomo unafunguka na kubana ncha mbili, kisha fundo linavuliwa na mganda unaangushwa. Mwenye kiwanda William Deering aliinunua haki ya kukitumia, na mwaka 1880 aliuza mashine kama 3,000. McCormick, aliyekuwa ameng'ang'ania waya, ikabidi afuate.

Kwa nini nasema haya mimi wa Pangani? Kwa sababu fundo lile linataka kamba ngumu, yenye unene ulio sawa mwanzo hadi mwisho. Dunia ikaanza kutafuta nyuzi. Mexico ikapanda mashamba Yucatán, na mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf akaleta miche ya mkonge kutoka Florida. Katika 1,000 ilifika hai 62, ikapandwa Kikokwe, hapa kwetu. Mashamba yote ya mkonge ya Tanga, reli, makambi, manamba waliotolewa mbali kuja kukata katani, yanatokana na miche hiyo 62, na soko lake kubwa lilikuwa kamba za mashambani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika iliongoza duniani kwa mkonge. Wakati huo mashine ya miganda ilikuwa imeshaachwa Marekani, kombaini imeshika, kamba zetu zikawa zinafunga marobota ya majani ya mifugo. Ikaja kamba ya plastiki, tukaanguka.

Kwa hiyo mkigawana sifa, gawaneni na hasara.

Mtaji Kwanza

Dada, umenipa hoja na ninaichukua. Marsh, hataza. Appleby, hataza. Hussey wa vidole wazi, hataza. Hao "mafundi warekebishaji" wa mleta mada wote walikimbilia ofisi ileile! Appleby alilipwa kwa sababu alikuwa na karatasi. Asingekuwa nayo, Deering angeangalia lile fundo siku moja na kuondoka nalo.

Msumeno

Hapo sasa tumefika. Mimi sikusema hataza zifutwe, someni tena mada. Nimesema isipewe *mashine yote*. Appleby alipata hataza ya kifaa chake cha fundo, hakupata ya kuvuna. Aliyetaka kufunga kwa njia nyingine alikuwa huru.

Na hili lilifika mahakamani. McCormick alimshtaki John Manny wa Rockford, Illinois, akidai ameiba kigawanyio, ile ncha ya mbele inayotenganisha mashina ya kukatwa na ya kuachwa, na namna ya kushikilia ile mikono inayozunguka. Kesi ilisikilizwa Cincinnati mwaka 1855. Upande wa Manny walikuwemo Edwin Stanton na wakili mmoja wa mikoani aliyewekwa kando asiseme neno, jina lake Abraham Lincoln. (Baadaye Lincoln akiwa rais alimteua Stanton huyohuyo kuwa waziri wa vita. Wengine tungelipiza.) McCormick alishindwa, akakata rufaa, akashindwa tena Mahakama ya Juu ya Marekani. Hoja ya majaji kwa lugha ya kijiweni: kama wewe ndiye wa kwanza kabisa kuleta kifaa hicho, wanaoiga wanakudhulumu, lakini kama ulichofanya ni kuboresha kilichokuwepo, huwezi kumzuia mwingine naye aboreshe kwa umbo lake. Kesi ingeenda upande wa pili, viwanda vingi vingefungwa mikono kabla ndugu Marsh hawajapandisha turubai lao.

Wa Narok

Huku Kenya mambo haya yapo kwenye sheria tayari. Ukiacha hataza kamili kuna cheti cha uvumbuzi mdogo, kinalinda miaka 10, masharti yake mepesi zaidi. Kinamfaa fundi wa kifaa kimoja. Shida ni kwamba wengi hawajui kipo.

Fundi Kuchomelea

Nimesoma kuanzia juu. Mimi niko Morogoro, nachomelea mashine za kupukuchulia mahindi na kupura mpunga. Hakuna hata moja niliyoianza mimi. Ya kwanza niliiona kwa mtu, nikapima kwa kamba, nikarudi nyumbani. Baadaye nikabadilisha chekeche, matundu nikayafanya marefu badala ya duara kwa sababu mahindi ya huku punje ni bapa na yalikuwa yanaziba. Msimu uliofuata karakana ya jirani ikawa na chekeche hilohilo.

Niliumia? Ndiyo. Ila nikienda na karatasi kumfungia yeye, yule niliyempima mashine kwa kamba naye ana haki ya kuja kwangu. Na kila msimu nabadilisha kitu. Cheti cha miaka 10, Wa Narok, nitakiandikisha kwa chekeche lipi?

Mtaji Kwanza

Kwa lililokuingizia hela, fundi. Jirani kakuchukulia wateja wangapi?

Fundi Kuchomelea

Wachache, na wawili wamerudi. Matundu yake kayapanua mno, magunzi yaliyovunjika yanapita na punje. Kinachoniuma ni kwamba anawaambia wateja chekeche ni la kwangu.