Mafundi wa "futa patishini zote", mnawamalizia watu data bure!

Wakuu, hili limezidi. Mtu analeta swali: flashi ya kupiga Windows imewaka vizuri, ila akichagua diski anaambiwa ina jedwali la MBR (mpango wa zamani wa kugawa diski), na mfumo wa EFI, yaani UEFI (njia mpya ya kuwasha kompyuta), unataka GPT (mpango mpya). Majibu yanamiminika: "Futa patishini zote, bonyeza Next." Hesabu za duka na picha za harusi zilizoko D mmeziuliza? C na D mara nyingi ni diski ile ile moja!

Ujumbe ule hausemi diski ni mbovu. Flashi imewashwa kwa UEFI, diski ilipangwa kwa MBR enzi za Legacy (njia ya zamani ya kuwasha), basi. Bonyeza Shift+F10 hapo hapo (laptopu nyingine ni Shift+Fn+F10), dirisha la amri likifunguka ingia diskpart (amri ya kusimamia diski), andika list disk. Yenye nyota kwenye safu ya Gpt imeshakuwa GPT, msiiguse. Kama diski ya ndani ni namba 0, toka kwa exit, andika mbr2gpt /validate /disk:0 (inapima tu kama diski inaweza kubadilishwa). Ikipita, mbr2gpt /convert /disk:0, kisha BIOS (mipangilio ya kuwasha kompyuta) ibaki kwenye UEFI. Mafaili yanabaki, ingawa kukopi kwanza ni lazima. Ikigoma, angalia: patishini za msingi zaidi ya tatu, au kuna ya extended, au diski haina Windows ndani. Hapo ndipo unahamisha data, halafu unafuta. Siyo kabla!

La pili: orodha ya diski iko tupu, mnajibu "hadidiski imekufa, nunua SSD." Kwenye laptopu za Intel kizazi cha 11 kwenda juu, kwanza shuku VMD (mpangilio wa Intel unaofanya diski isionekane bila draiva yake). Weka draiva ya Intel RST kwenye flashi ikiwa imefunguliwa, yaani mafaili ya .inf, siyo .exe, kisha Load driver. Kuzima VMD kwenye BIOS nako kunafanya kazi, ila Windows ya zamani iliyomo inaweza kugoma kuwaka. Mnalisema hilo? Thubutu.

Na nyie wa "kopi mafaili ya ISO (faili moja lenye Windows yote) kwenye flashi, imeisha hiyo": FAT32, mfumo wa mafaili wa flashi, haipokei faili la GB 4, na install.wim ya Windows 11 (faili kubwa lenye Windows yenyewe) inapita hapo. Mkihamia NTFS, mfumo mwingine wa mafaili, UEFI nyingi haziioni flashi. Programu ya Rufus inalimaliza hilo yenyewe. Anayetaka kwa mkono, ISO ikiwa E na flashi D, akopi vyote isipokuwa install.wim, kisha alikate vipande kwa amri hii:

Dism /Split-Image /ImageFile:E:\sources\install.wim /SWMFile:D:\sources\install.swm /FileSize:3800

Kosa 0x80070570 katikati ya kazi? Pima flashi kwa programu ya H2testw kabla ya kulaumu ISO. Za GB 64 feki zimejaa madukani. RAM mbovu nayo huleta kosa hilo hilo.

Anayebisha alete picha ya list disk, siyo "mimi nafanyaga hivyo siku zote".